Rimu ya Lori

Mama, jana kwenye simu uliniuliza
kama bado naomba.
Nikasema mtandao unakatika.
Haukukatika.

Nilipanda huku na ndoo, godoro la inchi nne,
mchele wa Kyela uliouziba mdomo kwa sindano ya gunia,
na sala zako zote, nimezikariri kama namba ya simu.
Kwetu tuliomba huku tukipunga mbu.
Hapa Tukuyu mvua hainyeshi, inakaa.
Inakaa kwenye mabati, kwenye soksi,
kwenye kurasa za Maandiko mpaka zinagandana,
kilio na msamaha vikasomeka kwa mkupuo mmoja.

Mwaka wa kwanza nilikuwa moto.
Unanijua: ndimi niliyeombea harusi ya shangazi Atuganile
hadi wali ukapoa.
Nilidhani nakuja kuwaamsha watu.
Bwenini tulikuwa kumi na wawili,
na kila mmoja alikwishapoza wali wa kwao.
Usiku tulipandiana sauti kama majogoo ya nyumba jirani.
Asangalwisye peke yake alikaa kimya kitandani,
anashona vifungo vya mashati ya wenzake.
Tukamwombea afunguke.

Mwaka wa pili ada ikapelea.
Kakao haikupata bei, ulisema. Sikulaumu.
Ofisi ikanipa kazi ya kufidia: kupiga kengele.
Kengele yenyewe ni rimu ya lori,
inaning'inia kwenye mparachichi nje ya kanisa,
na kipande cha nondo.
Saa kumi na moja alfajiri, ukungu umenimeza mkono,
nagonga mara kumi na mbili.
Taa zinawaka, moja, halafu tatu,
watu wanatoka na mablanketi mabegani,
wananipita, wanaingia kwa Bwana.
Mimi nabaki na nondo.

Mwanzo nilisema ni matope miguuni.
Halafu nikasema ni baridi, ilhali ndani ndiko kwenye baridi zaidi.
Halafu nikaacha kusema.
Siku moja nilifungua kinywa niombe
nikasikia unatoka wewe, Mama,
lafudhi yako, hata kile kikohozi chako kabla ya amina.
Nikajiuliza, yangu iko wapi?
Nilipekua kama mtu aliyepoteza ufunguo
kwenye suruali ambayo haina mifuko.
Nikamwuliza Mchungaji Mwaikenda. Akaniazima kitabu.
Nilikirudisha kwa wakati.

Sasa sikia.
Jumanne nilishikwa na homa, nikapitiliza.
Niliposhtuka, rimu ilikuwa inalia.
Nikakimbia na shuka.
Asangalwisye, peku kwenye tope,
anagonga, hesabu imempotea,
kumi na nne, kumi na tano.
"Ulikuwa unaweweseka," akasema, "sikutaka kukuamsha."
Akanipa nondo, akashuka jikoni,
ilikuwa zamu yake ya masufuria.
Nondo ilibaki na joto la kiganja chake.
Nikatazama nyayo zake zinavyojaa maji,
na kitu kikasema ndani yangu, polepole:
*Bwana, miguu yake.*

Basi.
Hayakuwa maneno yako. Wewe usingeanza
bila kumpanga Mungu majina yake yote.
Hayakuwa na amina.
Niliogopa kuyaongezea, nisije nikayamwaga.
Jioni nikampelekea raba zangu za pili.
Zinambana. Anazivaa.

Kwa hiyo jibu ni naomba, Mama.
Kidogo. Siku nyingine mimi bado nabaki nje,
lakini siku hizi nauacha mlango wazi
na kusikiliza wanavyokohoa humo ndani.
Mchele umekwisha.
Ukituma mwingine, mdomo usiukaze sana:
tuko kumi na wawili wa kuufungua,
na vidole vyetu vimekufa ganzi.